Punda Akitoweka, Mzigo Utabebwa na Nani?

"Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi. Wanafunzi huikariri, huieleza katika insha zao, nasi walimu huitia alama ya vyema tukapita. Aghalabu maelezo huwa ni yale yale: kwamba wapo mabwana wasiojali uhai wa wale wanaowatumikia. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mwanafunzi akiinua mkono kuuliza swali ambalo methali yenyewe imelificha: je, punda akishakufa njiani, huo mzigo utafikishwa na nani? Hilo ndilo swali ninalonuia kulijadili leo. Ninawaomba wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao, walitafakari pamoja nami, kwa maana jibu lake linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Ninaishi Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Hapa si porini. Matatu hupita mchana kutwa, bodaboda zimejaa kila kona, na si mbali nasi, pale Marua, ndipo inapokomea barabara kuu iliyopanuliwa kutoka Kenol kupitia Sagana na Karatina. Licha ya hayo yote, mkokoteni wa punda haujaondoka. Asubuhi utauona umebeba mitungi ya maji. Adhuhuri umebeba majani ya ng'ombe. Jioni umebeba kuni, mbolea au magunia ya viazi. Mgeni akiuona hudhani ameona mabaki ya zamani, kitu ambacho maendeleo yalikisahau kando ya njia. Mimi ninasema mgeni huyo amekosea, na amekosea kwa kuwa hajui historia ya mgongo.

Tuanze na historia hiyo. Katika migongo hii ya Nyeri, mababu zetu hawakulima kwa plau wala hawakuvuta mikokoteni. Wamaasai, majirani zetu, waliwapakia punda vyombo vyao walipohama, lakini kwa Wagikuyu wakulima mzigo ulikuwa wa mwanamke. Aliubeba mgongoni, ukiwa umeshikiliwa na mkanda wa ngozi uliopita kichwani juu kidogo ya paji la uso. Kuni, maji na mavuno vyote vilipita hapo. Wapo akina nyanya waliozeeka wakiwa na alama ya mkanda huo, kijishimo kilichochimbwa polepole na mizigo ya maisha mazima. Magari ya kukokotwa na maksai, pamoja na plau, yalienea katika nyanda za juu wakati wa walowezi, na mkokoteni wa punda ukaingia katika mashamba madogo baadaye. Kwa hiyo, mbele ya mgongo wa mama, punda si mabaki ya zamani hata kidogo. Punda ni maendeleo.

Huko Ulaya na Marekani hadithi ni tofauti. Mnyama wa kazi shambani alikuwa farasi: Shire wa Uingereza, Clydesdale wa Uskoti, Percheron wa Ufaransa, wanyama wazito wenye vifua kama mapipa. Mhandisi James Watt, alipotaka kuwaeleza wanunuzi uwezo wa mashine zake za mvuke katika karne ya 18, alizilinganisha na farasi, na ndiyo sababu mpaka leo injini hupimwa kwa nguvu za farasi, kipimo kimoja kikiwa sawa na wati 746. Mwaka 1920 Marekani pekee ilikuwa na zaidi ya milioni 20 za farasi na nyumbu, yaani wale chotara wa farasi na punda. Kisha trekta likaja likawafagia. Wachache walibaki, kama wale wa jamii ya Waamishi katika jimbo la Pennsylvania, ambao hadi leo hulima kwa farasi na nyumbu kwa ajili ya imani yao na umoja wa jumuiya yao. Katika maonyesho ya kilimo ya Uingereza, farasi wa kazi akipita uwanjani watu humshangilia. Wengi wao, hata hivyo, hushangilia kumbukumbu tu. Wakirudi nyumbani hawana kazi ya kumpa. Sisi tunampenda punda, tukimpenda, kwa sababu kesho asubuhi maji yatahitajika.

Mwanafunzi mdadisi atauliza: mbona farasi hakushika mizizi kwetu? Sababu kubwa ni maradhi. Yapo maradhi ya farasi ya Afrika yanayoenezwa na usubi, ambayo humwua farasi kwa siku chache, na pia kuna nagana inayoletwa na mbung'o. Walowezi waliofaulu kufuga farasi walifanya hivyo zaidi katika sehemu za juu zenye baridi. Hata huko walitafuta njia za mkato. Huko Nanyuki, mlowezi Raymond Hook alizalisha chotara wa farasi na pundamilia, wanyama wenye michirizi waliotumiwa kubeba mizigo katika miteremko ya Mlima Kenya. Lilikuwa wazo la busara, kwani pundamilia ni mwenyeji wa Afrika na mwili wake umezoea maradhi yake. Lakini chotara huyo hazai, na hakuenea mashambani.

Punda, kwa upande wake, hakuhitaji kuundwa upya. Yeye ni mwenyeji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda walifugwa kwa mara ya kwanza takriban miaka 7,000 iliyopita katika upande huu wetu wa Afrika, katika eneo la Pembe ya Afrika na Kenya, na kutoka hapa wakaenea Misri, Asia na Ulaya. Huvumilia kiu, hula majani makavu ambayo ng'ombe wa maziwa angeyakataa, na hustahimili vizuri zaidi yale maradhi yanayomwangamiza farasi. Tumewapa walimwengu mnyama aliyebeba biashara za kale, nasi wenyewe tukamfanya tusi.

Je, historia imewahi kulijibu swali letu la mzigo? Imelijibu, tena kwa uchungu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipopigana Afrika Mashariki, farasi, nyumbu, punda na maksai walikufa kwa maelfu kutokana na mbung'o na maradhi mengine. Je, mizigo ya risasi na vyakula ilibaki stesheni? Haikubaki. Walikamatwa watu. Vijana kutoka vijiji vya Kenya, wakiwemo wa Nyeri, walichukuliwa kwa mamia ya maelfu katika kikosi cha wapagazi, wakabeba vichwani na mabegani kile ambacho wanyama hawakuweza kukibeba tena. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na uchovu. Majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Mwalimu wa historia anayepita hapo na wanafunzi wake awaambie hivi: mnyama alipoanguka, mzigo haukuanguka pamoja naye. Ulihamia kwa mtu asiye na uwezo wa kukataa.

Sasa tuingie katika hesabu, tena hesabu ya kutolewa ubaoni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chukua mji wenye watu sita na ng'ombe wawili, unaohitaji lita 200 za maji kwa siku, na mto ukiwa umbali wa kilomita moja. Mtungi mmoja huchukua lita 20. Anayebeba mgongoni ataenda mtoni mara 10; atatembea kilomita 20, na kilomita 10 kati ya hizo atazitembea akiwa na kilo 20 mgongoni, akipanda kilima, kwa sababu mito yetu iko bondeni na nyumba zetu ziko juu. Mkokoteni wa punda utaenda mara moja. Tofauti ya hesabu hiyo ni kilomita 18. Sitaki kuuliza zilipotelea wapi. Ninauliza ni za nani. Ni za mama, na asipokuwa mama ni za binti yake, ambaye wakati huo angekuwa amefungua kitabu. Mwalimu anayelalamika kwamba wasichana fulani huchelewa na kusinzia darasani huenda analalamika, bila kujua, kuhusu punda ambaye hayupo.

Zipo sababu nyingine za kiuchumi. Mwezi Septemba mwaka 2023 bei ya petroli nchini ilipita shilingi 200 kwa lita. Siku zile nilizungumza na kijana mmoja mwenye mkokoteni, aliyekuwa amewahi kuendesha bodaboda ya mkopo, nikamwuliza kwa nini amerudi nyuma. Akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "pikipiki ikilala hunidai. Punda akilala, amepumzika tu." Sijasikia somo la gharama za uzalishaji lililofupishwa vizuri zaidi ya hilo. Punda hanunuliwi vipuri ng'ambo, mafuta yake huota kando ya njia, kinyesi chake ni mbolea, na akitunzwa vyema anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, akazaa mwingine wa kumrithi. Pikipiki mbili zikilala pamoja hazizai ya tatu.

Lipo pia suala la ukubwa wa mashamba. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusanya vipande vya ardhi vya Mkoa wa Kati vikawa mashamba yenye hatimiliki; lakini tangu hapo kila kizazi kimegawa urithi wake, na shamba la babu sasa ni la wajukuu wengi. Katika kipande chenye mikahawa, migomba, mahindi na zizi, tena kilicho kwenye mteremko, trekta halina pa kugeukia. Huko tambarare za Kieni na Laikipia plau ya maksai ingali na kazi, na katika mashamba ya mpunga ya Mwea maksai hutumiwa kusawazisha tope hata pale ambapo trekta limekwishapita. Kisiwani Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno kwa gari, punda hubeba mchanga, mawe na saruji katika shogi, mifuko ile inayoning'inia pande mbili za mgongo wake. Mahali palipo na kazi ya ukubwa wa mnyama, mnyama hudumu. Huo si ushamba, ni kipimo.

Na bado, msomaji, tulikaribia kumpoteza. Mwaka 2016 nchi yetu ilianza kuchinja punda kwa wingi kwa ajili ya soko la China. Kilichotafutwa zaidi ni ngozi, ambayo huchemshwa kutoa ute unaotengenezewa dawa ya jadi iitwayo ejiao. China yenyewe ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipopungua hadi chini ya milioni 3, wanunuzi waligeukia Afrika. Machinjio yaliyopewa leseni yalifunguliwa Mogotio, Naivasha, Machakos na Lodwar. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, liliripoti mwaka 2019 kwamba zaidi ya punda 300,000 walikuwa wamechinjwa chini ya miaka mitatu, na kwamba kasi hiyo ikiendelea punda wangetoweka nchini ifikapo mwaka 2023. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2.

Kwa nini hawakuzalishwa kama kuku? Kwa sababu punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo huhitaji miaka kadhaa kabla ya kufaa kwa kazi. Soko lililotaka ngozi leo halikuwa na subira hiyo. Wizi ukashamiri: watu walilala na punda wakaamka na kamba, na mizoga iliyochunwa ikakutwa vichakani. Mwezi Februari mwaka 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mwezi Mei mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo. Mwezi Februari mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ni uamuzi mwema, lakini azimio la Addis Ababa halilindi zizi la Gatitu usiku wa manane. Linalindwa na jamii inayojua thamani ya kilichomo.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema: mkulima maskini akipata mnunuzi wa punda wake, wewe ni nani umzuie? Ninajibu kwamba mali ni yake na uamuzi ni wake. Ila fedha za ngozi huja mara moja, na maji huchotwa kila siku. Wengine watasema kwamba ninasifu utumwa wa mnyama, kwa kuwa punda wetu hupigwa, hulemewa, na shingo zao zimejaa vidonda. Hao wamesema kweli, na mimi sitalifunika jambo hilo kwa maneno matamu. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwika kupita kiasi. Ipo vitabuni, na fimbo ipo barabarani.

Hata hivyo, nusu ya mateso hayo hutokana na kutojua zaidi kuliko ukatili. Maksai wetu wana nundu, na nira ya mti huikaa nundu ikasukumwa. Punda hana nundu. Ukimvisha nira ya maksai, mti huo utakwaruza mifupa ya shingo yake hadi nyama ionekane. Punda huvuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana unaopita kifuani, laini upande wa ngozi, na tandiko la kupokea uzito wa mikono ya mkokoteni. Mkanda huo unaweza kushonwa kwa turubai, gunia na vipande vya mpira wa gurudumu. Fundi wa viatu wa soko lolote ana uwezo wa kuutengeneza. Punda aliyefungwa sawasawa huvuta zaidi, huchoka kidogo, na hana haja ya fimbo. Nani amewahi kulifundisha jambo hili darasani? Katika somo la kilimo tunamfundisha mtoto sehemu za trekta ambalo baba yake hatalinunua kamwe, kisha tunamrudisha nyumbani kwa punda ambaye hajui hata namna ya kumfunga.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Mwalimu wa fizikia anayefundisha msuguano, mteremko na nguvu ana maabara inayopita mbele ya lango la shule kila asubuhi. Mwalimu wa sayansi ya kilimo awaongoze wanafunzi kupima mzigo, kukagua kwato na kushona mkanda wa kifua. Kituo cha mafunzo ya kilimo cha Wambugu kipo hapa hapa Nyeri. Hakuna ubaya wenye mikokoteni wakialikwa huko, kama wanavyoalikwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Na katika maonyesho ya kilimo ya Kabiruini, ambako fahali na mitamba huvikwa utepe wa ushindi, ningependa kuona zawadi ikitolewa kwa punda mwenye shingo isiyo na kidonda. Kijana mwenye mkokoteni atajifunza mengi kutokana na utepe huo kuliko kutokana na faini.

Nanyi wanafunzi, ninawaomba jambo moja dogo, linalohusu lugha. Tunamwita punda yule mwenzetu anayechelewa kuelewa, na kazi isiyo na heshima tunaiita kazi ya punda. Mtoto aliyelelewa na mkokoteni, ambaye karo yake ilitoka katika maji yaliyouzwa nyumba kwa nyumba, huyasikia maneno hayo akiwa ameketi katikati yenu. Huanza kumwonea haya mnyama aliyemsomesha, kisha humwonea haya baba. Kitu tunachokionea haya hatukitunzi, hatukiandikii vitabu, na kikiibwa hatupigi kelele. Ndivyo punda 300,000 walivyoondoka kimya kimya.

Sisemi kwamba matrekta yarudishwe bandarini, wala sisemi mabomba ya maji yasichimbiwe. Siku ambayo kila nyumba ya Gatitu itakuwa na mfereji usiokauka, na kila shamba litakuwa na njia ya gari, punda astaafu kwa heshima zake zote, naye atakuwa ameistahiki. Lakini siku hiyo haijafika. Hadi ifike, mzigo upo, ni mzito vile vile, na unasubiri wa kuubeba. Methali yetu inasema punda afe, mzigo ufike. Punda akifa, utafika kweli. Ila utafika ukiwa mgongoni mwa mama, na binti yake akimfuata nyuma na mtungi wa pili.